Bati la mama mkwe pale Ivuna, na jinsi ioni zinavyokula metali kwa mshazari

Wakuu wa jukwaa la sayansi, shikamooni mnaonizidi umri, ingawa sidhani kama mmebaki wengi. Ninyi wengine, marahaba kabla hamjanisalimu.

Juzi mwanachama mmoja aliuliza hapa swali zuri. Ukizielekeza ioni kwenye kipande cha metali ndani ya ombwe, yaani mahali pasipo na hewa, kwa nini metali huliwa zaidi ioni zikija kwa mshazari kuliko zikija moja kwa moja? Akajibiwa kwa milinganyo mitatu na matusi mawili.

Mimi nitamjibu kwa kisa. Ninachosimulia nilikiona kwa macho yangu, na pale ambapo kumbukumbu imefifia nitakiri kwamba imefifia. Wanaopenda hitimisho lije mapema wanivumilie. Mimi ni mzee, na jambo lenyewe halieleweki likikimbizwa.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya utawala wa Mwingereza. Nilikuwa mwanafunzi, niko nyumbani likizo ya kiangazi. Kwetu ni Mbozi, upande wa Vwawa, nyumba ya Wanyiha wakulima wa kahawa na mahindi.

Kaka yangu Simeoni alikuwa amemchumbia Eliza, binti wa Kinamwanga kutoka kijiji cha Mpemba. Mahari ilikwisha kukubaliwa. Kilichobaki ni sharti moja la mama yake Eliza: nyumba iezekwe kwa bati, na iwe imeezekwa kabla ya mvua za kwanza. Isipoezekwa, harusi isubiri hadi mavuno ya mwaka unaofuata.

Sharti hilo halikuwa la majivuno, na ni haki nieleze chanzo chake. Vijana wengi wa kwetu walikuwa wakipita Tunduma kwenda migodi ya shaba ya Rodeshia ya Kaskazini, na si wote waliorudi. Mume wa mama huyo alikuwa mmoja wa wasiorudi.

"Baba yake Eliza aliezeka nyasi, akaniambia anakuja kuzibadilisha," alimwambia mshenga. "Nyasi zimeoza mara tatu, nimezibadilisha mwenyewe. Huyu na aweke bati. Nataka nione kitu ambacho hawezi kukiacha."

Naye Simeoni alikuwa ameniambia faraghani kwamba harusi ikiahirishwa hatakaa kijijini kuchekwa. Atakwenda migodini na wenzake. Kwa hiyo mnaona jinsi mambo yalivyokuwa yameegemeana: bila paa hakuna harusi, na bila harusi tungempoteza kaka.

Mabati aliyapata, kutoka duka moja la Tunduma. Ila alikosa mlango, misumari na mahindi ya sherehe. Akaamua kwenda Ivuna kuchemsha chumvi ya kubadilishana kwa vitu hivyo. Tukaenda watatu: yeye, mimi, na shangazi yetu Tusekile, ambaye alikuwa amechemsha chumvi huko tangu usichana wake.

Kwa wasiopafahamu: Ivuna iko tambarare, kwenye joto la upande wa Ziwa Rukwa, na ardhi yake ina chumvi. Kiangazi watu walitoka pande zote wakapiga kambi. Unakwangua udongo wenye chumvi, unautia kwenye kichujio, unamwagia maji, na yale yanayodondoka chini unayachemsha mpaka chumvi ibaki. Kazi yote inategemea moto, na adui wa moto huo ni upepo wa mchana uliobeba mchanga.

Wenyeji walizuia upepo kwa nyua za matete, nazo walizilaza kwa mshazari, zikiegemea upande wa moto, ili upepo upande juu na kupita bila kuzing'oa. Ilikuwa akili nzuri kabisa kwa matete.

Simeoni akapata wazo lake. Kwa nini asitumie mabati ya nyumba? Yangekinga moto vizuri zaidi, kuni zingepungua, na kazi ikiisha yangerudi Vwawa kwenye paa. Akayapakia kwenye lori la mfanyabiashara aliyekuwa akishuka tambarare kununua samaki.

"Mwanangu, bati la harusi halichezewi," shangazi alimwambia.

"Shangazi, bati ni chuma. Upepo utalifanya nini?"

"Sijui. Ndiyo maana naogopa."

Akayasimika kama matete yanavyosimikwa: yamelala kwa mshazari, kichwa kimeegemea kwenye fito juu ya moto, mguu umeukabili upepo. Kambi nzima ilikuja kutazama. Tulijiona watu wa maendeleo.

Siku chache baadaye akaja mchemshaji mwingine, mzee wa kambi akamgawia sehemu ya jirani, hatua kama thelathini kutoka kwetu, upande ambao upepo wetu ulielekea. Alikuwa mama yake Eliza.

Hapa lazima nisimame nieleze desturi, kwa sababu kisa chote kimefungwa kwayo. Enzi hizo mwanamume na mama mkwe wake hawakutazamana usoni wala kusemeshana. Wakikaribia kukutana njiani, mmoja aliingia porini mpaka mwenzake apite. Haikuwa chuki, ilikuwa heshima, na nzito.

Sasa watu hao wawili walitakiwa kuchemsha chumvi kiangazi kizima wakionana kama sahani mbili mezani.

Simeoni alitaka tuhame. Mama yule akatatua jambo kwa namna yake. Alikuwa na bati moja, alilolitoa kwenye banda lake la kuku. Akachimba mtaro, akalisimamisha wima kabisa kati ya moto wake na wetu, akalishikiza kwa magogo mawili mazito. Likawa ukuta. Yeye nyuma yake, mkwewe mbele yake, heshima katikati.

Kwa kuwa upepo ulitoka kwetu kwenda kwake, bati lile liliupokea upepo wote usoni. Likalia mchana kutwa kama ngoma. Watu wakamcheka. Nani asimike kizuizi wima kama mlango, upepo ukipige kifua kwa kifua?

Yeye hakujali. Alinifanya mimi kuwa mjumbe wake, na ujumbe aliusema kwa sauti ambayo hata wa kambi ya pili waliusikia.

"Amosi! Mwambie mkwe moshi wake unafika kunisalimia kabla yake."

Nami nilipaswa kutembea hatua thelathini, nimwambie Simeoni aliyekwisha kusikia kila neno, kisha nirudi na jibu ambalo mama naye alikwisha kulisikia.

"Anasema tumsamehe, mama. Kuni ni mbichi."

"Ee mukwai," alisema, kwa lile neno la heshima la watu wa mpakani. "Mwambie pia nauliza: hiyo nyumba ya mwanangu imekuja huku kuota moto?"

Shangazi Tusekile alicheka hadi akakaa chini. Simeoni hakucheka.

Kiasi cha mwezi mmoja baadaye, shangazi alikuwa anafuta jivu kwenye bati letu moja, kidole chake kikatokea upande wa pili.

Tukayakagua yote. Chini, tangu ardhini hadi urefu wa mkono mmoja hivi, pale mchanga unaporukaruka kwa wingi, mng'ao ulikuwa umetoweka. Zinki ilikuwa imekwanguka, chuma kimebaki wazi, na hewa ya chumvi imekigeuza kutu laini kama ugoro. Bati moja lilikuwa limetoboka, mengine yalikuwa njiani.

Kaka yangu alikaa chini akayatazama.  Alisema, "Lori la vijana wa migodini linapita Tunduma mwisho wa mwezi."

Nilielewa hiyo ilimaanisha nini.

Mimi, kwa elimu yangu ya darasani, nilitoa hukumu kwamba ni chumvi. Chumvi hula chuma. Kitabu kilisema hivyo. Shangazi akauliza ni kwa nini basi sehemu za juu hazikuliwa, na hewa yake ni ile ile? Kitabu hakikusema. 

Jibu lilianza kuja asubuhi iliyofuata, jua lilipopanda.

"Bati la mkweo hilo," shangazi alimlalamikia Simeoni akijikinga uso, "kila asubuhi linanichoma macho."

Alikuwa amelisema hilo tangu siku ya kwanza. Kwa sababu hiyo yeye hakuwa akitazama kule, na Simeoni hakuwa akitazama kwa sababu ya desturi, nami mjumbe nilipita nimeinamisha macho. Hivyo familia nzima ilikuwa imekaa mwezi mzima mbele ya kitu kimoja bila kukiona.

"Shangazi," nikasema, "ya kwetu mbona hayachomi?"

Nikaenda. Mimi desturi haikunibana kama kaka, maadam nilipiga hodi na kuinamisha macho. Nikachuchumaa mbele ya bati la mama mkwe, upande ule unaopigwa na upepo. Lilikuwa limejaa vidoti vidogo, kana kwamba limedonolewa na kuku wake. Lakini lilikuwa linang'aa.

Nikamrudia Simeoni.

"La kwake ni la zamani," akasema. "Mabati ya zamani ni mazito. Usinisumbue."

Hoja yake ilikuwa na mantiki, na ningeikubali kama nisingerudi kuangalia mara ya pili. Wakuu, kama mna haraka na mnaruka mistari, msiruke hapa.

Bati la kuezekea lina mawimbi. Kwenye bati lile lile moja, migongo ya mawimbi na mabonde yake, yaani sehemu zilizoukabili upepo moja kwa moja, ziling'aa. Lakini mbavu za mawimbi, zile sehemu zinazoinama kati ya mgongo na bonde, zilikuwa zimeanza kufifia. Bati zima lilikuwa na mistari: mng'ao, ukungu, mng'ao, ukungu.

Bati haliwezi kuwa zito mgongoni na jepesi ubavuni. Zinki ni moja, chumvi ni moja, upepo ni mmoja. Kilichotofautiana ni pembe tu.

Na kulikuwa na ushahidi wa tatu. Bati letu moja upepo ulikuwa umelikunja ukingo, ukalala karibu sawa na mwelekeo wa upepo wenyewe. Ukingo ule nao ulikuwa unang'aa. Mchanga ulikuwa unauteleza juu bila kuuma.

Kwa hiyo: ukija moja kwa moja, mchanga hudonoa na kurudi. Ukilala kabisa, huteleza. Ukija kwa mshazari, katikati ya hayo mawili, huchonga kama patasi. Sisi tulikuwa tumeyalaza mabati yetu kwenye pembe ile ile mbaya, kwa sababu ilikuwa pembe nzuri kwa matete.

Nilimweleza Simeoni mpaka koo likakauka. Akasema tukiyasimamisha wima yatang'oka. Kutoka nyuma ya bati la jirani ikaja sauti:

"Amosi! Mwambie mkwe ninayo magogo mengine. Na mtaro uchimbwe hadi gotini, siyo wa kubembeleza."

"Mama anasema..." nikaanza.

"Nimesikia," akasema Simeoni, akachukua jembe.

Tuliyasimamisha yote isipokuwa lile lililotoboka, ambalo tuliliacha limelala ili tulinganishe. Kambi ikatucheka, makelele yakawa maradufu. Lakini lile lililolala liliendelea kuliwa hadi likawa kama kitambaa, na yale yaliyosimama hayakupoteza tena zaidi ya mng'ao wa mbavuni. Tulimaliza msimu na chumvi ya kutosha mlango, misumari na mahindi. Lori la vijana wa migodini lilipita Tunduma bila kaka yangu.

Hapo naomba nikae pembeni kidogo nimjibu mwanachama wetu.

Miaka mingi baadaye, nikiwa chuo kikuu ng'ambo, nilisimama mbele ya chombo kilichonyonywa hewa. Ndani yake ioni za gesi ziliharakishwa kwa umeme zikapiga kibati cha shaba, na atomi za shaba zilikuwa zinang'oka na kuganda kwenye kioo. Mwalimu alituuliza ni pembe ipi itakayokula shaba zaidi. Wenzangu wote walisema: moja kwa moja, kwa sababu hapo ndipo pigo linapokuwa na nguvu. Mimi niliona bati la Ivuna.

Ioni ya namna hii ni atomi iliyopungukiwa elektroni, kwa hiyo ina chaji na umeme unaweza kuisukuma ipate kasi kubwa. Ikigonga metali moja kwa moja, nguvu yake inazama. Inasukuma atomi moja, hiyo inasukuma nyingine, na mtikisiko unaelekea chini, ambako atomi hazina pa kutokea. Zinazong'oka ni zile chache za juu zilizopata msukumo wa kurudi nje.

Ikija kwa mshazari, mtikisiko ule ule unasambaa karibu na uso. Atomi nyingi zaidi zinapata msukumo zikiwa jirani na mlango wa kutokea. Kwa hiyo mmomonyoko unaongezeka kadiri pembe inavyoinama, na kwa metali nyingi unafikia kilele mahali fulani kati ya nyuzi sitini na themanini kutoka kwenye mstari uliosimama wima juu ya uso. Ukivuka hapo, unashuka ghafla, kwa sababu ioni zinaanza kuteleza na kuruka zake kama mchanga ulivyofanya kwenye ule ukingo uliokunjika.

Nisieleweke vibaya. Chembe ya mchanga na ioni si kitu kimoja. Mchanga huchonga kama patasi. Ioni hutikisa atomi moja moja. Na kule Ivuna chumvi ilimalizia kazi ambayo mchanga ulianzisha, kwa hiyo kitabu changu cha shule hakikuwa kimekosea kabisa. Lakini ukichora mchoro wa hayo mawili, mmomonyoko dhidi ya pembe, umbo la kilima utalitambua. Mimi nilikuwa nimelitambua kwa kidole kabla sijalichora kwa kalamu.

Nirudi Vwawa.

Tulipoanza kuezeka, Simeoni alipanga zile ncha zilizoharibika ziingie chini ya mabati ya juu yake, pale yanapopandana, ili kutu isinyeshewe. Ilifaa sana, ila kila bati likawa limefupika, na lile lililotoboka tulikuwa tumelitupa. Tulipofika mwisho ikabaki nafasi ya bati moja, juu kabisa ya chumba cha kulala. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa Rungwe, na wazee wa Mpemba walikuwa waje kukagua wiki ile.

Simeoni alikuwa juu ya paa, amekaa kwenye kenchi, anaitazama ile nafasi, ndipo mama yake Eliza alipotokea njiani na bati lake kichwani.

Alikuwa amelibeba kutoka barabarani, vidoti na mistari yake vile vile. Kaka alimwona, akatafuta pa kujificha. Wakuu, juu ya kenchi hapana pori. Akageuka akatupa mgongo, ameshika mbao kwa mikono miwili, kama mtu anayesubiri sindano.

Mama akalitua. Mimi nikasogea, nikijua kazi yangu.

"Amosi," akasema, "mwambie fundi aliye juu..."

 Akaitazama ile nafasi, kisha ule mgongo.

"Hapana. Acha." Akapaza sauti. "Mkwe!"

Shangazi Tusekile aliangusha ungo. Hakuna aliyewahi kusikia neno hilo likisemwa hivyo, moja kwa moja, kabla hata ya harusi.

"Tumetazama bati moja kiangazi kizima," mama akasema, "wewe upande wako na mimi upande wangu. Yatosha. Shuka ulichukue, mvua haitusubiri."

Simeoni alishuka akiwa ameinamisha kichwa. Alilipokea kwa mikono miwili, akapiga goti, akasema, "Asante, mama." Shangazi akapiga vigelegele mpaka majirani wakadhani harusi imeanza. Kwa namna fulani ilikuwa imeanza kweli.

Mvua ilinyesha usiku wa pili baada ya wazee kukagua. Paa halikuvuja.

Nilichojifunza, na ambacho nimekitumia maisha yote ya kazi yangu, ni hiki: kifaa kikiliwa, usianze kulaumu kifaa wala kinachokila. Uliza kwanza vinakutana kwa pembe gani. Na ukague pia pale ambapo wote mmezoea kugeuza macho, iwe kwa heshima au kwa kuogopa mwanga.

Sasa nawaachia uwanja. Wanaofanya kazi na ioni maabara wanisahihishe pale nilipoteleza, nami sitanuna. Na kama kuna mtu wa Momba humu, wilaya yenye Ivuna, naomba aniambie kama bado kuna wanaochemsha chumvi Ivuna, na vizuizi vyao siku hizi wanavisimika vipi.

Nyumba ile bado ipo. Simeoni na Eliza walizeekea humo, na paa limebadilishwa zaidi ya mara moja. Bati lile la mama mkwe tu wajukuu wamekatazwa kulitupa. Limewekwa mlangoni pa banda la kuku, wima.